Jinsi ya kufuatilia uteuzi wa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani bila kupigwa changa la macho

Kiti kikibaki wazi Mahakama ya Juu ya Marekani, mtandao unawaka siku hiyohiyo. Huyu anasema katiba inataka hivi, yule anasema utaratibu wa Seneti siku zote umekuwa vile, mwingine ameshatabiri hukumu za miaka 20 ijayo, na wewe unayesoma unabaki hujui umwamini nani. Kiukweli wengi wao wanapiga siasa tu. Kuna vitu vichache vya kuangalia na kuna mpangilio wa kuviangalia, na nakwambia mapema kabisa kwamba majibu ya mteule kwenye kikao cha kuhojiwa mimi nayaweka mwishoni, japo ndo kitu ambacho TV zote zinarusha mubashara.

Anza na katiba, haichukui hata dakika mbili

Fungua Ibara ya 2, kifungu cha 2. Inasema rais atapendekeza jina na, kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, atateua majaji wa Mahakama ya Juu. Basi, imeisha. Nenda Ibara ya 3 utakuta majaji watakaa kazini maadamu mwenendo wao ni mwema, ambayo kwa vitendo maana yake ni mpaka afe, astaafu kwa hiari yake au Congress, yaani bunge lao, imng'oe, na hilo la kung'olewa halijawahi kufanikiwa hata mara moja. Jaji pekee aliyewahi kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi ni Samuel Chase mwaka 1804, na Seneti ilimwachia mwaka uliofuata.

Sasa angalia kisichoandikwa, maana huko ndo ugomvi wote unatokea. Hakuna umri. Hakuna sharti la kuzaliwa Marekani. Hakuna sharti la kuwa na shahada ya sheria wala la kuwahi kuwa hakimu popote. James Byrnes aliacha shule akiwa na miaka 14, akajifunza sheria nje ya chuo, na mwaka 1941 Seneti ilimpitisha siku ileile jina lake lilipofika, kwa sababu alikuwa seneta mwenzao na hawakuona haja ya kumhoji mtu wanayekula naye kila siku. Hakuna muda ambao Seneti inalazimika kupiga kura. Na hakuna idadi ya majaji, hili watu wengi hawalijui kabisa.

Hii 9 unayoisikia ni sheria ya kawaida tu iliyopitishwa na Congress. Walianza na 6 mwaka 1789. Mwaka 1801 Congress iliyokuwa inafungasha virago ikapitisha sheria ya kupunguza hadi 5, ili Thomas Jefferson anayeingia asipate nafasi ya kujaza, waliofuata wakaifuta 1802 kabla haijamgusa jaji yeyote. Ikawa 7 mwaka 1807, ikawa 9 mwaka 1837, ikawa 10 mwaka 1863 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alafu 1866 Congress ambayo ilikuwa haipikiki chungu kimoja na Rais Andrew Johnson ikaamua viti vipungue hadi 7 kadiri majaji wanavyoondoka, yaani jaji akifa kiti kinakufa naye na Johnson habaki na cha kujaza. Johnson alipotoka 1869 wakarudisha 9 na imeganda hapo mpaka leo.

Aliyejaribu kuigusa baadaye ni Franklin Roosevelt mwaka 1937, katoka kushinda uchaguzi kwa kishindo, majaji wanamfutia sheria zake za kufufua uchumi moja baada ya nyingine, akasema sawa, kwa kila jaji aliyevuka miaka 70 na hataki kustaafu naomba niongeze mmoja, mpaka sita, jumla wafike 15. Chama chake kilikuwa na wingi wa kutisha Seneti na bado mpango ulizikwa humohumo. Alichokuja kukipata alikipata kwa kukaa tu, maana alidumu madarakani mpaka akaweka majaji wanane wapya bila kuongeza kiti hata kimoja.

Kwa hiyo mtu akikwambia "katiba hairuhusu hilo", muombe namba ya kifungu. Mara nyingi hana. Anachozungumzia ni mazoea, na mazoea hapa yanadumu mpaka siku mwenye kura za kutosha atakapoamua yameisha.

Hesabu kura kabla hujasikiliza hotuba hata moja

Seneti ina watu 100. Chukua karatasi, andika chama cha rais kina viti vingapi. Wakiwa 51 wamemaliza, wakiwa 50 wanaweza kumuita makamu wa rais avunje sare. Ukishapata hiyo namba umeshajua sehemu kubwa ya mwisho wa hadithi, maana hesabu hii zamani haikuwa rahisi hivi.

Zamani mteule mwenye upinzani mkali alihitaji kura za kuzima filibasta, yaani ile mbinu ya kuongea na kuongea ili kura isipigwe. Rais Lyndon Johnson alitaka kumpandisha Abe Fortas awe Jaji Mkuu mwaka 1968, ikapigwa kura ya kufunga mjadala wakapata 45 kwa 43, walio wengi walikuwa wanataka mjadala ufungwe na bado wakashindwa kwa sababu kiwango wakati huo kilikuwa theluthi mbili. Fortas akaomba jina lake liondolewe. Baadaye kiwango kikashuka kuwa kura 60. Mwaka 2013 Wademocrat chini ya Harry Reid wakafuta kiwango hicho kwa majaji wa mahakama za chini wakaibakiza Mahakama ya Juu, mwaka 2017 Warepublican chini ya Mitch McConnell wakamalizia kipande kilichobaki ili Neil Gorsuch apite, akapita 54 kwa 45.

Tangu hapo rais hana sababu ya kumtafuta mtu wa kukubalika kwa wapinzani. Linganisha mwenyewe: Antonin Scalia, ambaye kila mtu alijua ni mhafidhina wa kutupwa, alipita 98 kwa 0 mwaka 1986. Ruth Bader Ginsburg, ambaye kila mtu alijua amepigania haki za wanawake mahakamani, 96 kwa 3 mwaka 1993. Alafu njoo huku: Brett Kavanaugh 50 kwa 48 mwaka 2018, Amy Coney Barrett 52 kwa 48 mwaka 2020, Ketanji Brown Jackson 53 kwa 47 mwaka 2022. Hawa wa sasa si wajinga kuliko wale, ni kwamba seneta anayempigia kura mteule wa upande wa pili siku hizi anarudi jimboni kwake kujibu maswali.

Kwa hiyo ukishapata namba, bakisha macho kwa wale wawili watatu ambao hawajasema. Miaka ya karibuni majina yamekuwa yaleyale, Susan Collins wa Maine na Lisa Murkowski wa Alaska. Na kura ya Kavanaugh ina kituko kimoja nakipenda sana: Murkowski alikuwa anampinga, lakini seneta Steve Daines aliyekuwa anamuunga mkono alikuwa Montana kwenye harusi ya binti yake siku hiyohiyo, basi Murkowski akaamua kujibu "nipo" badala ya "hapana", ili kutokuwepo kwa mwenzake kusibadilishe kitu. Ndo maana utaona 50 kwa 48 na si 50 kwa 49. Katikati ya vita ile yote, nchi nzima inapigizana kelele, watu wawili wakapatana kwa ajili ya harusi.

Kalenda

Swali la pili la kuandika kwenye karatasi yako: kiti kimeachwa lini, na Seneti iko mikononi mwa nani siku hiyo.

Chukua 2016. Scalia alifariki tarehe 13 Februari, na siku hiyohiyo McConnell akatangaza kwamba kiti kisubiri rais ajaye. Barack Obama akamteua Merrick Garland tarehe 16 Machi, jaji mwenye sifa ya kuwa mtu wa katikati, na Seneti ya Warepublican haikumpa kikao, haikumpa kura, haikumkataa wala haikumkubali, ilimuacha tu kiporo siku 293 mpaka uteuzi ukafa wenyewe. Hoja ilikuwa ni mwaka wa uchaguzi, wananchi waamue.

Sasa njoo 2020. Ginsburg anafariki tarehe 18 Septemba, uchaguzi ni tarehe 3 Novemba. Seneti ileile na McConnell yuleyule wakamuidhinisha Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya uchaguzi, wakati mamilioni ya watu walishapiga kura zao za mapema. Maelezo yakawa kwamba 2016 rais na Seneti walikuwa vyama tofauti, safari hii ni chama kimoja. Wademocrat nao waliokuwa wanadai 2016 kwamba Seneti ina wajibu wa kupiga kura wakageuka wakasema tusubiri uchaguzi. Mimi naona upande wa McConnell ulibadilisha kauli waziwazi zaidi kwa sababu ndo uliokuwa na nguvu ya kutenda mara zote mbili, ila ukiniuliza kanuni gani iliongoza matukio yote mawili jibu ni moja: walikuwa na kura. Na si jambo jipya hata kidogo, Rais John Tyler aliyekuwa amefukuzwa na chama chake mwenyewe alipeleka majina na majina miaka ya 1844 na 1845, akaambulia jaji mmoja tu, Samuel Nelson.

Majaji wenyewe nao wanasoma kalenda, usidanganyike na mavazi meusi. Anthony Kennedy alitangaza kustaafu Juni 2018, Warepublican wakiwa na Ikulu na Seneti. Stephen Breyer akatangaza Januari 2022, Wademocrat wakiwa na vyote viwili. Ginsburg hakuondoka 2013 wala 2014 wakati Obama ana Seneti, na kiti chake kikaenda kwa Barrett. Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi, afya ilimlazimisha kuondoka 1991 rais akiwa George Bush mkubwa, akaja Clarence Thomas ambaye kwa mawazo ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Wakati mwingine rais mwenyewe anatengeneza nafasi: Lyndon Johnson alimshawishi Arthur Goldberg aache ujaji 1965 akawe balozi Umoja wa Mataifa, ili ampe Fortas hicho kiti. Na wakati mwingine ni bahati tu, Jimmy Carter alimaliza miaka minne yote bila kiti hata kimoja kuachwa wazi.

Fukua alichoandika, alafu uliza alifanya kazi kwa nani

Jina likishatangazwa, usisome wasifu wa Ikulu ule wa mama mlezi na kocha wa timu ya watoto. Tafuta hukumu zake, makala zake za chuo, hotuba zake kwenye vikundi vya wanasheria.

Ili uelewe kwanini hili limekuwa kubwa lazima ukae kidogo na Robert Bork. Huyu alikuwa profesa na jaji, ameandika miaka mingi bila kuficha kwamba haki ya faragha ambayo mahakama ilikuwa inaitegemea haimo kwenye katiba, na aliwahi kupinga sehemu za sheria za haki za raia. Ronald Reagan akamteua Julai 1987, na ndani ya saa moja tu seneta Ted Kennedy akasimama Seneti kutoa hotuba ya kutisha kuhusu "Marekani ya Robert Bork". Kikaoni Bork akajibu maswali kama profesa yuko darasani, kwa urefu, kwa ukweli, akibishana. Akaanguka 42 kwa 58. Ndo mteule wa mwisho kukataliwa kwa kura ya Seneti nzima, wengine waliokwama baadaye walijiondoa au waliachwa kama Garland. Aliyeletwa baada yake, Douglas Ginsburg, alijiondoa baada ya kukiri kuwahi kuvuta bangi, na ndipo akaja Anthony Kennedy akapita 97 kwa 0.

Ikulu wakajifunza: usilete mtu mwenye karatasi nyingi. Mwaka 1990 akaletwa David Souter wa New Hampshire, hakuna aliyejua anawaza nini, akapita 90 kwa 9, alafu akaenda kukaa upande wa waliberali kwa karibu miaka 19. Wahafidhina wakatengeneza kaulimbiu, hatutaki Souter mwingine. Hiyo hasira ndo ilimwangusha Harriet Miers mwaka 2005, mwanasheria wa Ikulu ya George W. Bush, aliyekataliwa na watu wa upande wake mwenyewe kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha anachoamini, na nafasi ikaenda kwa Samuel Alito ambaye msimamo wake haukuwa na maswali. Ndo ilizaa pia ile orodha ya Donald Trump ya Mei 2016, majina 11 hadharani kabla hata hajawa rais, na mtandao wa Federalist Society, kile chama cha wanasheria wahafidhina, nyuma yake. Tangu hapo kushtukizwa ni kugumu.

Kwa hiyo swali la haraka ni hili: akiwa kijana alikuwa msaidizi wa jaji gani? Wahitimu wachache bora kila mwaka wanakwenda kuwasaidia majaji hawa kuandika na kutafiti, na humo ndo wanapikwa. John Roberts alimsaidia William Rehnquist, akaja kukalia kiti chake. Gorsuch na Kavanaugh wote walipita kwa Anthony Kennedy mwaka mmoja. Barrett kwa Scalia, Jackson kwa Breyer, Elena Kagan kwa Marshall. Ukishajua hilo umeokoa masaa ya kuangalia TV.

Nitaongeza kitu kimoja hapa, maoni yangu. Njia hii imeifanya mahakama iwe na watu wa aina moja. Earl Warren alikuwa gavana wa California alipoteuliwa 1953. William Howard Taft alikuwa rais mstaafu alipokuwa Jaji Mkuu 1921. Wa mwisho kuwahi kushika cheo cha kuchaguliwa na wananchi ni Sandra Day O'Connor, aliyewahi kuwa seneta wa jimbo Arizona, na ameondoka 2006. Waliobaki karibu wote wametoka mahakama za rufaa, na sidhani kama ni faida.

Kikao chenyewe, ukiangalie vipi

Kwa zaidi ya miaka 100 hakikuwepo. Kikao cha wazi cha kwanza kwa mteule kilikuwa cha Louis Brandeis mwaka 1916, Myahudi wa kwanza kuteuliwa, ilichukua miezi minne na yeye mwenyewe hakufika. Wa kwanza kufika na kujibu ni Harlan Fiske Stone mwaka 1925, na tangu 1955 ndo ikawa desturi kila mteule aje.

Baada ya Bork kila mtu alijua kosa liko kwenye kujibu. Ruth Bader Ginsburg 1993 akaiweka wazi kwamba hatatoa dokezo la kesi zinazoweza kuja mbele yake, Roberts 2005 akajifananisha na refa wa besiboli, na wote waliofuata wameimba wimbo huohuo. Oktoba 2020 seneta John Cornyn alimuomba Barrett aonyeshe ana nini kwenye daftari lake baada ya masaa ya maswali, akalinyanyua, jeupe, lina jina la Seneti juu tu. Wafuasi wake waliona ni uthibitisho wa akili kubwa. Mimi niliona mtu ambaye kazi yake siku hiyo ni kutosema kitu, na huhitaji daftari kwa hilo.

Sikiliza lugha. Mteule akisema hukumu fulani "ni hukumu ya awali ya mahakama" hajaahidi kitu chochote, amekutajia tarehe tu. Gorsuch na Kavanaugh walisema maneno ya aina hiyo kuhusu Roe, ile kesi ya utoaji mimba ya 1973, na Juni 2022 wote wawili wakapiga kura ya kuifuta. Kikao kinageuka kuwa muhimu pale tu tuhuma mpya inapoibuka, kama Anita Hill alipotoa ushahidi dhidi ya Thomas 1991 au Christine Blasey Ford dhidi ya Kavanaugh, na hata hapo wote wawili walipita kwa tofauti ndogo, Thomas akapita 52 kwa 48.

Na usiamini sana utabiri, hata wa mwenye kuteua. Richard Nixon alitaka Mahakama irudi kulia, akapeleka Clement Haynsworth akakataliwa 1969, akapeleka Harrold Carswell akakataliwa 1970, baada ya seneta Roman Hruska kumtetea kwa hoja kwamba hata watu wa uwezo wa kawaida wanahitaji uwakilishi, utetezi ulioua mteule kuliko wapinzani wote. Jaribio la tatu Harry Blackmun akapita 94 kwa 0. Miaka mitatu baadaye Blackmun huyohuyo ndo aliyeandika hukumu ya Roe.

Kura ikishapita

Bado hajawa jaji. Anaapa viapo viwili, cha katiba na cha ujaji, na kama anayestaafu bado yupo kitini inabidi asubiri, Jackson aliidhinishwa tarehe 7 Aprili 2022 lakini akaapa tarehe 30 Juni, Breyer alipomaliza muhula wake wa kesi. Usiandike mahali popote "jaji" kabla ya hapo. Edwin Stanton aliidhinishwa na Seneti tarehe 20 Desemba 1869, kabla kiti alichopewa hakijawa wazi, na tarehe 24 akafariki.